Kingereza cha Njia ya Kusini

Kila asubuhi, katika mtaa wa Manika, mjini Kolwezi, Ngalula alifagia kiwanja cha shemeji yake kabla watoto hawajaamka. Kisha aliwasha makaa na kuteleka maji ya uji. Na kila asubuhi, kabla maji hayajachemka, mume wake Tshilombo alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

"Unaenda wapi tena, Tata Mbelu?" Ngalula aliuliza. Tata ni baba, na Mbelu ndilo jina la binti yao wa kwanza.

"Ku Nzilo. Banasema banatafuta batu ba kufyeka majani karibu na barrage ya maji."

"Jana ulisema ku Kingamyambo."

"Jana ilikuwa jana."

Akaenda. Jioni alirudi na vumbi mpaka magotini, bila kazi. Hata hivyo hakukaa. Alizunguka kiwanja, akatazama barabarani, akaingia ndani, akatoka. Ngalula alimfuata kwa macho mpaka yeye mwenyewe akaanza kuchoka miguu.

Zamani Tshilombo hakuwa hivyo. Alikuwa karani wa transit, yaani upitishaji wa mizigo, kule Dilolo, kwenye mpaka wa Angola. Shaba ya Kolwezi ilipita pale katika mabehewa, ikaenda mpaka baharini. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mizigo na kuelewana na watu wa reli wa upande wa pili. Walisema Kireno, naye alijifunza Kireno chao. Watu walimheshimu.

Halafu, mwaka wa 1975, vita vya Angola vikafika kwenye reli. Njia ikafungwa. Mabehewa hayakupita tena, na ofisi ya Tshilombo ikafunga milango. Yeye, Ngalula na watoto wao watatu walipakia magodoro, wakaja Kolwezi kwa kaka yake mkubwa.

Huyo kaka alikuwa fundi wa umeme. Kwenye karatasi za serikali aliitwa Kalala, kwa sababu siku zile majina ya kizungu yalikatazwa. Lakini nyumbani wote walimwita Barnabé. Alikuwa mtu mwema. Nyumba yake ndiyo ilikuwa ndogo.

Jioni moja, baada ya kula bukari, yaani ugali, na mboga ya sombe, Barnabé alisafisha koo.

"Mudogo yangu, mi sikufukuze. Lakini unaona. Batoto banalala sawa samaki mu mukebe. Mvua ikiisha, murudie ku Kasai. Mashamba ya tata iko kule."

"Yaya, mi nilitoka kule mutoto mudogo," Tshilombo alimjibu yaya wake, yaani kaka mkubwa. "Jembe halinijue."

"Litakujua."

Usiku ule Ngalula hakupata usingizi. Yeye pia alizaliwa Kasai. Lakini watoto wake walizaliwa Dilolo. Walisema Kiswahili, na Tshiluba chao, lugha ya Kasai, kilikuwa cha kuombea maji tu. Wangefika kule kama wageni. Hapa Kolwezi pia walikuwa wageni. Je, ni wapi basi wangeweka magodoro yao na kuyaacha pale?

Kesho yake alikutana na jirani yao kwenye bomba la maji. Jirani huyo alikuwa mwalimu, mwanamke wa Katanga ya kaskazini, Mprotestanti. Kanisani kwake waliendelea kumwita Adolphine. Mtaani alikuwa Mama Numbi.

"Mama Mbelu," alisema, "bwana yako alikuwa mutu wa transit, hapana?"

"Ndiyo, mama. Ku Dilolo."

"Basi juu ya nini anatafuta kufyeka majani?"

"Kazi yake ilikufa pamoja na njia ya reli."

Mama Numbi aliweka ndoo chini. "Kazi haikufa. Ilihama. Shaba ingali inatoka hapa, hapana? Sasa inapita kusini. Inaenda mpaka Sakania, inaingia Zambia. Kule batu ba reli banasema Kingereza. Ma-agence ya hapa, yale makampuni ya kusafirisha mizigo, yanatafuta batu benye kujua transit na benye kusikia Kingereza. Lakini habapate."

"Yeye anajua Kireno."

"Najua. Ndio maana nitakuja kwenu leo."

Alikuja kweli, saa za jioni. Barnabé alimpa kiti chenye mgongo. Tshilombo alibaki amesimama mlangoni, kama mtu anayengoja gari.

"Tata Tshilombo," Mama Numbi alianza, "kanisa letu liko na burse. Burse ni musaada wa masomo. Ni ya familia zilizohama juu njia ya Angola ilifungwa. Mutu anajifunza Kingereza, halafu anafundishwa kazi. Mi ni mumoja wa balimu."

"Hiyo ni ya bavijana," Tshilombo alisema.

"Ni ya mutu mwenye kuhama. Haina myaka."

"Mi niko Mukatolika. Bataniomba kugeuka?"

"Hakuna mutu atakuuliza unasali wapi. Mungu anasikia Kingereza cha Bakatolika pia."

Barnabé alicheka. Tshilombo hakucheka. "Na nyuma yake, tutalipa namna gani?"

"Hamulipe. Mukopo ndio unarudishwa. Burse hairudishwe. Inalipa masomo, bitabu, na chakula kidogo wakati wa mafunzo ya kazi. Na musikie vizuri: mutu akiwaomba kitu ili aandike jina lenu, yule ni mwongo. Kuandikwa ni bure."

"Hakuna sheria?"

"Iko. Kuja kila siku ya somo. Ukigonjwa, ukipata safari, toa habari mbele. Mwenye kupotea bila habari, kiti chake kinapewa mwingine, juu batu mingi banangoja."

Tshilombo alitazama barabara. Halafu akamtazama kaka yake. "Yaya, utatuvumilia?"

Barnabé alikuna kichwa. "Mpaka mwisho wa mvua. Nilisema vile, na sikugeuza."

Tshilombo akaandikwa. Masomo yalifanyika alasiri, katika jumba nyuma ya kanisa. Juma la kwanza alirudi akitaja majina ya vitu: meza, mlango, behewa. Ngalula alishukuru Mungu.

Juma la pili alirudi akiwa amekunja uso. Alitupa kitabu juu ya godoro.

"Kuna nini?"

"Bile bitoto bya juzi! Nilisema neno la Kireno mu Kingereza. Balicheka mpaka machozi. Mi, mutu muzima, mwenye kusimamisha treni!"

"Wacha bacheke."

"Si wewe unachekwa."

Hakulala vizuri. Asubuhi akakutana na Séraphin, mchuuzi aliyekuwa na lori. Séraphin alikuwa akienda Musumba kununua mahindi, naye alitaka mtu wa kumsaidia. Aliahidi faida nzuri. Tshilombo alifunga nguo zake katika kitambaa.

"Na masomo?" Ngalula aliuliza, akimshika mkono.

"Nitarudi kabla bajue kama nilitoka. Usimwambie Mama Numbi."

Lori likaondoka. Alasiri ile ile mvua ikaanza. Ilikuwa mvua ya kweli, ile inayofanya barabara kuwa mto. Ilinyesha kesho yake, na siku iliyofuata. Kutoka Kolwezi mpaka Musumba ni mbali, na njia ni ya udongo. Hakuna habari iliyokuja.

Sasa ikawa zamu ya Ngalula kukosa utulivu. Kila lori lililopita lilimtoa nje. Aliacha wali ukaungua. Alimfokea Mbelu bila sababu, kisha akamkumbatia. Barnabé naye kila jioni alitazama mawingu, akihesabu siku za mvua zilizobaki. Ngalula alielewa: kiti cha Tshilombo kikipotea, safari ya Kasai imefika.

Alifikiri juu ya amri ya mume wake. "Usimwambie." Lakini sheria ya mwalimu ilisema, "Toa habari." Alisimama kati ya maneno hayo mawili mpaka kichwa kikamuuma. Mwishoni alijifunika kitambaa kichwani, akapita katika mvua mpaka jumba la masomo.

"Mama Numbi, bwana yangu alienda Musumba. Njia imekatika. Sijue atarudi lini. Alichelewa kusema. Mi ndio nasema kwa ajili yake."

Mama Numbi alimtazama jinsi maji yalivyomdondoka. "Ulifanya vizuri kuja. Angetoa habari mwenyewe, ingekuwa vizuri zaidi. Nitamungojea kidogo, lakini si sana."

"Mi naweza kukaa mu kiti chake, kisipotee?"

"Hapana. Burse ni ya jina moja, haikopeshwe. Lakini wewe mwenyewe, juu ya nini haukuandikwa?"

Ngalula alidhani hakusikia vizuri. "Mi? Mi niko mama wa nyumba."

"Ulisoma?"

"Kwa bamasista, ku Kasai. Sekondari, kalasi ya pili. Nyuma yake niliolewa."

"Kifaransa unasoma?"

"Nasoma."

Mama Numbi alimpa gazeti. "Soma kwa sauti. Tuko na mvua juu ya mabati. Nataka mutu wa mwisho kule nyuma akusikie."

Ngalula alisoma. Mwanzoni alisoma kwa sauti ya chini. Kisha alisahau watu, akasoma tu, neno kwa neno, kama alivyofundishwa. Mtu wa mwisho kule nyuma aliinua mkono: nimesikia.

"Unaona?" alisema Mama Numbi. "Ma-agence yanatafuta pia batu ba foni." Foni ilikuwa radio ya kusemea kutoka mji mpaka mji. "Foni haitake mwanaume wala mwanamuke. Inataka sauti safi, masikio mazuri na Kingereza. Burse iko ya banamuke pia, lakini habajiandike. Banaona aibu. Wewe unaona aibu?"

"Naona," Ngalula alijibu kwa kweli. "Lakini naona woga wa Kasai zaidi."

Akaandikwa siku ile ile.

Katika somo la kwanza walimcheka yeye pia. Ulimi wake ulikataa sauti fulani za Kingereza, zile za kuweka ulimi kati ya meno. Alicheka pamoja nao, akajaribu tena. Nyumbani alimfundisha Mbelu kila alichojifunza, kwa sababu Mama Numbi alisema: "Lugha usiyoisema nyumbani inalala kanisani."

Basi siku Tshilombo aliporudi, alikuta mke wake na binti yake wakichambua maharagwe na kuhesabu kwa Kingereza. Alisimama mlangoni. Alikuwa amekonda. Tope lilikuwa limemkaukia mpaka kifuani. Lori lilikwama njiani, mahindi yakalowana, yakaoza. Alirudi na homa tu.

"Ninyi munafanya nini?" aliuliza.

Mbelu alimkimbilia. Ngalula alisimama. Alifurahi kumwona, lakini aliona hasira machoni pake.

"Najifunza," alisema.

"Nani alikuruhusu?"

"Kaa kwanza. Unywe maji. Unatetemeka."

"Nilisema usimwambie yule mwalimu!"

"Ulisema. Nilienda. Kama singeenda, kiti chako kingekuwa cha mutu mwingine leo. Kinakungojea. Na mi niko na changu."

Tshilombo hakukaa, wala hakunywa maji. Aligeuka, akatoka barabarani na homa yake. Ngalula alitaka kumfuata. Alijizuia. Alirudi kwenye maharagwe, lakini mikono yake ilitupa nzuri na kubakiza mbovu.

Tshilombo hakwenda mbali. Miguu ilimpeleka mpaka kwa jirani. Mama Numbi alikuwa akisahihisha kazi za wanafunzi barazani. Alimpa kiti. Safari hii alikaa.

"Mwalimu, mi siko mutoto wa kuchekwa."

"Kweli. Niambie kitu, tata. Kireno, nani alikufundisha?"

"Hakuna mutu. Nilikuwa nabishana na batu ba reli juu ya mabehewa. Nilikuwa nanunua samaki makavu kwa bamama ba upande wa pili."

"Hawakukucheka?"

"Eh! Balinicheka! Siku moja nilitaka kuomba samaki, nikaomba…" Tshilombo alitikisa kichwa. Tabasamu dogo likamtoroka. "Soko nzima ililala chini kwa kucheka."

"Na ulifanya nini? Ulipanda lori ya Musumba?"

Tshilombo alikwangua tope lililokauka kwenye shati lake.

"Nilirudi kesho yake," alisema mwishoni. "Nilikuwa nataka samaki."

Kwa jirani yule palikuwa karibu. Ngalula aliyasikia maneno yote juu ya ua wa miti. Mume wake aliporudi, alimpa dawa ya homa na maji ya moto ya kuoga.

Kesho yake asubuhi Tshilombo alisema, "Mama Mbelu, kalasi yako ni saa ngapi?"

"Siku za foni ni asubuhi. Siku za Kingereza, tuko pamoja alasiri."

"Basi asubuhi zako, mi nitabaki na batoto."

Akabaki. Alichota maji kwenye bomba, mwanaume peke yake katika mstari wa wanawake. Alipika bukari, mara ya kwanza ilikuwa na madonge kama mawe. Watu wa mtaa walisema, "Tata Tshilombo sasa ni mama." Aliwajibu kwa Kingereza, na kwa kuwa hawakuelewa, wakaacha.

Alasiri walikwenda darasani pamoja. Tshilombo alipokosea, vijana walicheka, naye aliwauliza, "Basi munifundishe, inasemwa namna gani?" Wakamfundisha. Yeye akawafundisha mambo ya behewa, uzito na mpaka, kwa sababu hayo hakuna aliyeyajua kama yeye.

Mvua zikaisha. Jioni moja Barnabé alikaa barazani, akawasikiliza. Mdogo wake alijifanya mtu wa Sakania. Shemeji yake alijifanya mtu wa Kolwezi. Waliulizana na kujibu kwa Kingereza, kila mmoja na kikombe mdomoni kama chombo cha foni. Barnabé hakuelewa hata neno moja. Lakini alielewa kwamba mdogo wake alikuwa amekaa mahali pamoja tangu jua lilipoanza kushuka.

"Mvua imeisha," alisema.

Ngalula alishusha kikombe.

"Mukae mpaka mumalize," Barnabé akaendelea. "Ila ile bukari ya mudogo yangu, mi sitaikula tena."

Baada ya Kingereza walifundishwa kazi ndani ya agence moja ya mjini. Tshilombo alifundishwa karatasi na taratibu za upande wa Zambia. Ngalula alifundishwa foni. Mwalimu wa foni aliwaambia jambo moja kila siku: "Usipoelewa, omba mutu arudie polepole. Si aibu. Aibu ni kujifanya umeelewa."

Mwisho wa mafunzo wote wawili walifaulu. Agence iliwapa miezi ya majaribio. Tshilombo alipelekwa Sakania. Angerudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Ngalula alibaki Kolwezi, mbele ya meza yenye foni. Walipanga nyumba ndogo mtaa ule ule. Mama Numbi aliwasaidia kubeba magodoro.

Juma la kwanza la kazi lilikuwa gumu. Sauti za foni zilikuja na mlio wa kukaanga mafuta. Ngalula alirudi nyumbani masikio yakilia, akajiuliza kama kesho watamfukuza.

Halafu likaja jambo la mabehewa. Siku hiyo foni iliita kwa nguvu. Alikuwa mkuu wa stesheni wa upande wa Zambia, na alikuwa na hasira. Treni ya shaba imesimama kwake. Hesabu ya Kolwezi na hesabu yake hazikubaliani. Kama jibu halipatikani, atairudisha treni yote.

Mkubwa wa ofisi, Citoyen Badibanga, kama watu walivyoitwa siku zile badala ya Bwana, alikuja mbio. Hakujua Kingereza. "Anasema nini? Mujibu ndiyo! Mujibu haraka!"

Ngalula alichukua kalamu. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Lakini hakuwa ameelewa. Alibonyeza chombo, akasema kwa Kingereza, taratibu na kwa heshima:

"Bwana, sikusikia vizuri. Tafadhali rudia polepole."

Mlio wa mafuta. Kisha sauti ikarudia, polepole. Ngalula aliandika. Aliangalia karatasi ya ofisi. Aliangalia tena. Katika Kingereza, kumi na tano na hamsini zinafanana sikioni, kama ndugu wa mama mmoja. Kolwezi ilitaja mabehewa kumi na tano. Kule mtu alisikia hamsini, akaandika hamsini.

"Bwana," alisema, "nitataja tarakimu mojamoja. Moja. Tano. Nawe urudie."

"Moja. Tano," sauti ikarudia. Halafu ikacheka. Hasira ilikuwa imekwisha. "Asante, Kolwezi. Umesema vizuri. Nampa mtu wenu wa Sakania, yuko hapa na karatasi."

Mlio ukapita. Ikaja sauti nyingine, kwa Kingereza cha polepole chenye harufu ya Kireno.

"Kolwezi, hapa Sakania. Nahakikisha. Moja, tano. Treni inaondoka."

Ngalula alibana midomo. "Sakania, nimesikia. Moja, tano."

"Kolwezi, swali moja. Watoto wako salama?"

Sheria ya foni ilikuwa wazi: mstari ni wa kazi. Badibanga alikuwa amesimama nyuma yake, akifuta jasho.

"Sakania," Ngalula alijibu kwa Kingereza safi, "mabehewa yote madogo matatu yamefika salama. Mwisho."

"Alisema nini yule wa mwisho?" Badibanga aliuliza.

"Treni imeondoka, Citoyen," Ngalula alisema. Akageuza karatasi, akaandika saa, na kuita stesheni iliyofuata.